Ghorofa Iliyopotea Kwenye Fomu

Msichana alifika Jumatatu saa nne asubuhi, sanduku la bati kichwani, godoro limekunjwa na kufungwa kamba mgongoni, ndoo mpya ya pinki mkononi. Hakuna aliyemtarajia. Alipenya kwenye uwazi wa uzio wa mabati, pale malori ya kokoto yanapopitia, akasimama katikati ya mistari ya chokaa iliyochorwa juu ya udongo mwekundu. Akatua sanduku na ndoo. Akatoa karatasi mfukoni, akainyoosha kwa kiganja.

"Samahanini," alisema. "Natafuta chumba namba arobaini na moja."

Mafundi waliacha majembe. Mzee Lameck, msimamizi wao, aliichukua ile karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akatazama angani. Mwewe mmoja alikuwa anaelea juu yao, mbawa hazitikisiki.

"Arobaini na moja kiko ghorofani," Mzee Lameck alisema, uso mkavu kabisa. "Unamwona yule mwewe? Yuko chumbani kwako, anakupigia deki."

Watu walivunjika mbavu. Msichana alimtazama mwewe, akaitazama mistari ya chokaa chini ya miguu yake, akaelewa. Wengi wangelia pale. Yeye alicheka, tena kicheko cha kujimwaga, mpaka akaegemea sanduku lake.

"Basi mwambieni asisahau uvunguni," alisema.

Hapo ndipo Devota alipompenda.

Devota alikuwa na miaka ishirini na mitano, mzaliwa wa Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, na mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu ahitimu uhandisi katika chuo hiki hiki. Sasa alikuwa amerudi na kofia ngumu ya njano kichwani, mhandisi wa mafunzo chini ya Injinia Respicius, katika mradi wa kukarabati hosteli ya wasichana na kuiongezea jengo jipya ubavuni. Mafunzo yake yalikuwa yanakwisha Ijumaa hiyo. Injinia Respicius alikwisha mwambia kwamba jina lake analipeleka kwa ajili ya ajira, ili abaki kusimamia jengo jipya mpaka bati la mwisho. Tangu aambiwe hivyo, Devota alikuwa akiamka kabla ya majogoo.

"Unaitwa nani, mdogo wangu?" aliuliza.

"Zipora. Shikamoo, dada."

Devota aliipokea shikamoo ile akajiona amezeeka ghafla. Akaisoma barua. Haikuwa ya kughushi. Kompyuta ya chuo ilikuwa imeingiza vyumba vya jengo jipya tangu Julai, kana kwamba vyumba huota kama uyoga mvua ikinyesha, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Kibakwe alikuwa amepangiwa kitanda hewani.

"Njoo nikuonyeshe kwako," alimwambia, akamshika mkono, akamvusha mistari miwili ya chokaa. "Simama hapa. Sasa jifikirie umepanda juu mita tatu na nusu. Hapa kuna mlango. Dirisha kule, linatazama vilima, kwa hiyo jua la asubuhi unalo na lile la saa nane halikukuti. Kabati hapa. Swichi ya taa ya kusomea iko kichwani, huna haja ya kushuka kitandani kuizima."

Alikuwa anaongea haraka, mikono inachora hewani, na mafundi waliokwisha mzoea walikuwa wanakonyezana. Zipora alifuata kila kidole.

"Kitanda cha dirishani watu hukigombania?"

"Sana!"

Zipora akalivua godoro mgongoni, akaliweka chini kwenye udongo, akalikalia. "Basi mimi nimekiwahi."

*

Lakini mtu halali kwenye chokaa. Devota alimpeleka Zipora kwenye jengo la zamani, ambalo nusu yake ilikuwa imekwisha pakwa rangi na nusu nyingine mafundi umeme walikuwa wanaitoboa kuta. Akagonga chumba namba tisa.

Asma alifungua, kitabu kimoja kwapani na kalamu sikioni. Alikuwa mwaka wa tatu, mtu wa Kondoa, na ndiye aliyesimamia foleni ya maji bila kuteuliwa na mtu yeyote. Alimtazama Zipora kuanzia kichwani hadi miguuni, akalitazama godoro, wala hakuhitaji maelezo.

"Anakoroma?" alimuuliza Devota.

"Sijui."

"Anapiga mateke?"

"Nyumbani nalala na wadogo zangu watatu," Zipora alijibu mwenyewe. "Mimi ndiye ninayepigwa."

"Karibu. Tutalala mzungu wa nne. Lakini miguu unaosha kabla ya kupanda, kwa sababu itakuwa puani mwangu."

Ndivyo wasichana walivyoishi hapo kwa miaka mingi. Waliita kubebana. Mwenye kitanda alimbeba asiye na kitanda, kichwa huku na miguu kule, kwenye godoro la futi tatu. Chuo kilikataza, na aliyekamatwa amembeba mwenzake alinyang'anywa kitanda chake. Kwa hiyo hakuna aliyesema. Mtu angeweza kugombana na mwenzake mchana kutwa, lakini akiulizwa chumbani mko wangapi, alijibu wanne, macho makavu.

Devota alilijua jambo hilo kwa mgongo wake. Mwaka wake wa kwanza alibebwa na Frida, msichana mkimya wa mwaka wa mwisho, humu humu, chumba namba kumi na saba. Halafu siku moja chuo kikaandika orodha ya waliobeba wenzao, na jina la Frida likawemo. Frida alifukuzwa hosteli wiki sita kabla ya mitihani, akapanga chumba mbali, akakosa mitihani miwili, akahitimu mwaka uliofuata. Hakuwahi kumlaumu Devota hata kwa jicho. Hilo ndilo lililomuuma Devota zaidi.

Alitoka chumba namba tisa akiwa na swali moja, akaenda nalo moja kwa moja kwenye kontena lililokuwa ofisi ya saiti.

"Injinia, kwa nini jengo jipya ni ghorofa mbili tu? Humo ndani watu wanalalana kama dagaa. Vitanda hivi vitajaa siku ya kwanza, na nusu ya watu watabaki wanabebana."

Injinia Respicius alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzito, aliyekunywa chai bila kuacha kufanya kazi. Alivuta bomba refu la plastiki kutoka nyuma ya kabati, akatoa mchoro, akaukunjua mezani na kuuwekea kikombe pembeni.

Lilikuwa jengo lao lile lile. Lakini lilikuwa na ghorofa tatu. Na kila ghorofa ilikuwa na vyoo na mabafu mara mbili ya yale yaliyokuwa kwenye mchoro wa sasa, na matenki manne ya maji badala ya mawili.

Devota aliinama juu ya karatasi, asiguse.

"Nani alichora hii?"

"Mimi. Hesabu zake zote nimefanya, kila nguzo. Kamati ikasema ni kubwa mno. Walipeleka fomu humo ndani, waulize wasichana mko wangapi kila chumba. Unajua fomu zilirudi na jibu gani?"

Devota alijua. Alilijua kabla Injinia hajamaliza kuuliza.

"Wanne," alisema.

"Wanne, wanne, wanne. Vyumba ishirini na vinne, watu tisini na sita, vitanda tisini na sita. Msongamano hakuna! Nikaambiwa nikate ghorofa moja." Alinyanyua kikombe na mchoro ukajikunja wenyewe. "Wasichana wenyewe, binti yangu. Wameficha wenzao wakaificha na ghorofa yao."

"Na msingi tunamwaga Jumamosi."

"Jumamosi. Msingi wa ghorofa mbili haubebi tatu. Zege likishaganda, basi, mpaka wajukuu zako waje."

"Nikileta idadi ya kweli kabla ya Jumamosi?"

Tabasamu likaanza polepole usoni mwa Injinia, kama mtu anayejikataza asitabasamu.

"Kamati inakaa Jumatano," alisema. "Ukileta, mchoro huu nautoa mwenyewe."

*

Usiulize watu, Devota alijiambia akiwa kwenye bajaji kurudi nyumbani. Ukiuliza utajibiwa wanne. Kuna kitu gani msichana wa hosteli hawezi kugawana?

Godoro wanagawana. Sahani wanagawana, kanga, vitabu, hata viatu vya kwendea kanisani. Alikuwa ameshuka, anavuka barabara, alipokumbuka, akasimama katikati ya njia mpaka mwenye baiskeli akamkemea.

Ndoo!

Maji ya hosteli yalifunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa mbili. Kila mtu alikuwa na ndoo moja, na ndoo hiyo ndiyo ilikuwa kuoga kwake, kufua kwake na kunywa kwake mpaka kesho yake. Aliyebebwa alikuwa mgeni kitandani, lakini kwenye bomba alikuwa na ndoo yake kama mtu mwingine yeyote, tena ameiandika jina kwa rangi ya kucha ili isiibwe.

Jumanne saa kumi na moja alikuwa pale. Upepo wa alfajiri wa Dodoma ulikuwa unakata masikio, na wasichana walikuwa wamejifunika kanga gubigubi, wameketi juu ya ngazi wanasinzia huku ndoo zao zikiwa zimepangwa foleni uani. Devota alipita na simu yake akipiga picha, safu kwa safu, huku anahesabu kwa midomo. Tisini na sita ilipita akiwa ndiyo kwanza amevuka nusu ya ua. Mia moja ishirini. Mia moja hamsini. Alipomaliza safu ya mwisho, karibu na kamba za kuanikia nguo, alikuwa na mia moja sabini na tatu.

Alitaka kupiga kelele. Mia moja sabini na tatu! Ghorofa yenyewe ile pale, imepangwa foleni inasubiri maji.

"Dada." Asma alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, na nyuma yake wasichana wengine walikuwa wanasogea. Hakuna aliyekuwa anasinzia tena. "Unapiga picha ndoo zetu?"

"Nahesabu tu, Asma. Nataka—"

"Majina yetu yako pale. Ya wenye vitanda na ya wasio na vitanda. Mtu akiwa na picha hizo na orodha ya vyumba, kazi imekwisha; asiye na kitanda ataitwa amtaje aliyembeba. Wewe si ulibebwa humu? Au ukishavaa kofia ya njano unasahau?"

Msichana mmoja nyuma alisema, "Jamani, tumeuzwa na mtu wetu."

Devota aliwaeleza yote hapo hapo, kwa furaha na aibu kwa pamoja: mchoro wa ghorofa tatu, fomu, Jumamosi. Zipora, aliyekuwa amelala hapo usiku mmoja tu, ndiye aliyesema, "Yaani ghorofa tumeikata sisi?"

"Mimi niliijaza fomu ya chumba chetu," Asma alisema taratibu. "Niliandika wanne. Tulikuwa saba." Akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Ya Rabi."

Mtu alicheka, kisha wengine, cheko la watu waliojifungia mlango wenyewe. Lakini Asma hakucheka muda mrefu.

"Idadi chukua," alisema. "Hiyo peleka kokote. Lakini picha?"

"Hazitatoka kwenye simu hii. Hazitaonwa na mtu."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Asma akamnyooshea mkono, na Devota akaushika. Ulikuwa wa baridi na umelowa maji.

*

Kamati ya ujenzi ilikutana Jumatano chini ya Mama Emiliana, ambaye pia ndiye aliyekuwa msimamizi wa malazi ya wanafunzi. Alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, aliyejua kila kitasa cha hosteli zake kwa namba. Injinia Respicius alitundika mchoro wake ukutani kama mtu anayeanika nguo ya harusi. Devota akataja idadi.

"Mia moja sabini na tatu," Mama Emiliana alirudia. "Na mimi ninazo fomu zenye saini zinazosema tisini na sita. Nani mwongo?"

"Hakuna mwongo, mama. Waliogopa."

"Ushahidi uko wapi?"

"Picha anazo!" Injinia Respicius alisema kwa bashasha, maana Devota alikuwa amemweleza habari ya ndoo bila kumweleza ahadi. "Toa simu, binti yangu. Waonyeshe."

Macho yote yalimgeukia. Devota aliushika mkoba wake.

"Siwezi, mama. Ndoo zina majina. Niliwaahidi hazitaonekana."

Injinia Respicius alimeza chai vibaya akakohoa. Mama Emiliana hakukasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi kuvumilia.

"Nikuulize, mwanangu. Siku moto ukitokea mle ndani, mimi ndiye nitakayeulizwa ni akina nani walikuwemo. Nitajibu nini? Kulikuwa na ndoo?"

Devota aliinua macho. Aliona mchoro ukutani, ghorofa ya tatu, madirisha yake madogo yaliyochorwa kwa penseli, na akajua mchoro unaweza kuviringishwa na kurudi nyuma ya kabati dakika hiyo hiyo.

"Njooni mhesabu wenyewe," alisema. "Kesho alfajiri. Majina yatakuwa yamefunikwa, lakini idadi mtaihesabu kwa macho yenu."

"Na wakikopa ndoo za majirani ili kuongeza?"

"Kaeni mpaka ya mwisho inyanyuliwe, mama. Ndoo isiyo na mwenyewe haitembei."

Mjumbe mmoja alicheka. Mama Emiliana alifunga faili lake, akalifungua tena.

"Saa kumi na moja," alisema. "Sijaamka saa hiyo tangu nimlee kitinda mimba wangu."

Nje, Injinia Respicius alisimama kivulini anajifuta jasho. "Ungeniambia kabla sijakutaja! Umenifanya niruke mtoni bila kujua kina." Kisha akapunguza sauti. "Haya, lakini si wamekubali kuja? Nenda ukazungumze na majeshi yako."

*

Ni Asma aliyejua cha kufanya. Alhamisi alfajiri, kabla ya wageni, alichota udongo mwekundu kwenye beseni, akaukoroga na maji mpaka ukawa mzito, na kila msichana akapitisha vidole vyake humo na kupaka jina lake. Kamati ilipofika ilikuta ua mzima wa ndoo zenye mkanda wa matope, za bluu na kijani na nyeupe na pinki, na wasichana nyuma yake wamejifunika kanga mpaka puani kwa sababu ya upepo. Hakuna aliyesinzia.

Mzee Lameck naye alikuja, eti kusaidia kuhesabu, na mafundi wake watatu nyuma. "Mbukwenyi!" aliwasalimu wasichana kwa Kigogo, na wale wa Dodoma wakamwitikia kwa kelele.

Mama Emiliana alihesabu mwenyewe, akinyoosha kidole kila ndoo. Alipofika mwisho, akarudi mwanzo, akahesabu tena. Devota alikuwa amesimama ngazini, anakifuata kile kidole kwa macho.

"Injinia," Mama Emiliana aliita. "Wewe umepata ngapi?"

"Mia moja themanini na mbili."

"Hata mimi."

Ilikuwa imeongezeka tisa! Devota alimtazama Asma, na Asma akamnong'oneza, "Kuna waliokuwa wanachota kwa kujificha, nyuma ya jiko. Leo wamekuja."

Bomba lilifunguliwa. Mama Emiliana hakuondoka. Alisimama pale kwa muda wa karibu saa tatu, viatu vyake vizuri vinalowa tope, akaangalia kila ndoo inavyojaa, inavyoinuliwa, inavyoondoka na mtu wake. Ilipofika ya mwisho hakukuwa na ndoo hata moja iliyobaki uani. Alitazama nafasi iliyokuwa wazi, kisha madirisha ya jengo la zamani, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba asichowahi kukifungua.

"Vyoo vinane," alisema polepole. "Watu mia na themanini na wawili, kwa vyoo vinane. Na mimi nilikuwa nawaandikia barua kwamba hawafanyi usafi."

Mchana ule mchoro wa ghorofa tatu ulitiwa saini. Injinia Respicius alirudi saiti ameubeba begani kama bunduki, na Devota akawa anakimbia mbele yake kuwaeleza mafundi. Mashimo ya nguzo yote yalitakiwa kushuka nusu mita zaidi.

"Nusu mita!" Mzee Lameck alipayuka. "Kwenye mwamba huu wa Dodoma! Kwa sababu ya ndoo!" Kisha akashika sururu mwenyewe. "Haya, wazee, mmesikia. Wasichana wamehesabiwa. Tushuke."

Walichimba mpaka jua linazama, na Ijumaa wakachimba tena, na kila aliyepita kwenye uzio wa mabati alisikia vyuma vikigonga mawe na wanaume wakiitikiana.

*

Ijumaa saa tisa, Mama Emiliana alimwita Devota ofisini. Mezani palikuwa na mkataba wa kazi, jina lake limechapwa vizuri, mahali pa saini pa mwajiri, kampuni ya ujenzi, pamekwisha jazwa. Palibaki idhini ya chuo, yaani saini ya Mama Emiliana.

"Umefanya kazi nzuri sana," alisema, na alimaanisha. "Jengo utalisimamia. Sasa nisaidie na mimi. Kabla halijaisha nina mwaka mzima wa kuwalaza watu themanini na sita nisiowajua. Nataka majina, nijue nani yuko wapi. Nipe zile picha."

"Na wenye vitanda waliowabeba?"

Mama Emiliana aliutazama mkataba. "Kanuni siyo yangu, Devota. Sikuitunga. Lakini nikiwa na majina sitaweza kujifanya sina."

"Basi afadhali usiwe nayo, mama."

"Mtu anayemficha mwenye jengo mambo ya jengo, nitamwidhinishaje kulisimamia?" Hakulisema kwa ukali. Aliisogeza karatasi kidogo upande wake wa meza. "Fikiria. Mpaka kesho saa nne. Baada ya hapo nafasi hii itaenda kwa mwingine, na mimi nitasikitika."

Devota alikwenda nyumbani akiwa amebeba picha arobaini na moja mfukoni. Mama yake, aliyekuwa anapanga nyanya dukani, alimuuliza kama amesaini. Alijibu bado. Alijua nafasi kama ile haipiti mara mbili mlangoni kwa mtu wa mwaka mmoja kazini. Alilijua pia jengo lile kuliko vidole vyake, kila nondo, na alikuwa amejiona mara nyingi amesimama juu ya bati lake. Hilo ndilo lililomliza kidogo, peke yake, nyuma ya duka.

Jumamosi alifika mapema. Mlinzi wa lango, kwa aibu, alimwambia mafunzo yake yalikwisha jana na leo jina lake halipo kwenye daftari. Kwa hiyo alisimama nje, kwenye uzio, mahali mabati mawili yalipoachana kiasi cha uso kupenya.

Saa tatu na nusu mashine za zege ziliwashwa. Mlio wake ulijaa kilima chote. Wasichana walikuwa wametoka, wamejazana madirishani na kwenye ngazi, na Zipora alikuwa mstari wa mbele anaruka ruka. Mzee Lameck aliinua mkono. Injinia Respicius akaushusha wake. Toroli ya kwanza ilikimbia kwenye ubao, ikainama, na zege la kijivu likateremka kwenye shimo la nguzo, chini, chini zaidi, ile nusu mita. Kelele zilizopanda pale Devota hakuwahi kuzisikia popote, na yeye mwenyewe alikuwa anapiga kelele, paji la uso kwenye bati la moto, bila kujali nani anamwona.

Asma alimwona. Alikuja mbio kuzunguka uzio, anahema.

"Kwa nini uko huku nje?"

"Nimemaliza mafunzo."

Asma hakuwa mtu wa kudanganywa. Aliitazama simu mkononi mwa Devota, kisha uso wake. "Wamezitaka."

Saa kwenye simu ilionyesha dakika ishirini kabla ya saa nne. Kutoka hapo mpaka ofisi ya Mama Emiliana ni mwendo wa dakika tano. Devota alifungua picha. Safu ya kwanza, ndoo za bluu na nyeupe, majina kwa rangi ya kucha. Alifuta. Ya pili. Ya tatu. Hakufuta zote kwa mpigo. Alizitazama moja moja, akiyasoma majina kimya kimya, akaziacha ziende. Upande wa pili wa bati toroli ziliendelea kukimbia, na Mzee Lameck alikuwa anamkaripia mtu kwa sauti ya furaha. Ilipobaki moja, Devota alimpa Asma simu.

"Hii futa wewe," alisema.

Asma alifuta, akamrudishia simu ikiwa tupu, na wote wawili wakaweka nyuso zao kwenye uwazi wa mabati kuangalia shimo la pili likijazwa.